Redio Ilisema Simpendi

— Espe, juu ya nini hauchekake?

— Nimecheka.

— Apana. Mi niko hapa, masikio yangu iko hapa. Sikusikia kitu.

Cirimwami aliweka bisibisi chini akanitazama kama anavyotazama redio iliyokataa kuwaka. Alikuwa ametoka kunisimulia habari ya mzee mmoja wa Gihosha aliyemletea redio asubuhi ile. Alimuuliza ina ugonjwa gani. Mzee akajibu kwamba haina ugonjwa wowote, ila inasema Kifaransa, na nyumbani kwake hakuna anayekielewa. Basi fundi aifungue, aigeuze iseme Kirundi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini Cirimwami alikuwa anangoja kitu kingine, na mimi sikujua ni kitu gani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 2002, katika karakana yake ndogo pale Asiatique, mtaa wa maduka. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Vumbi lilikuwa limening'inia hewani siku nyingi, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imefutika, kana kwamba mtu ameipangusa kwa kitambaa. Nilipenda kukaa pale Jumamosi na kazi yangu ya kushona mapajani, katikati ya redio zilizofunguliwa migongo, nyingine zikinong'ona, nyingine zimenyamaza. Nilikuwa namwota kama mume wangu huku yuko mbele ya macho yangu. Mwisho wa mwezi ule baba yake mkubwa, mzee Birindwa, angevuka kutoka Bukavu kuja kuniposa kwa mama yangu, kule Musaga. Usiku bunduki zilisikika kutoka mlimani, na mimi nililala nikihesabu vitambaa vya harusi badala ya risasi.

Sasa redio ya rafuni ndiyo iliyoharibu mambo. Ilikuwa saa ya kipindi cha Népomuscène, mtangazaji ambaye mji mzima ulimpenda kwa sauti yake laini, ya mtu asiyekuwa na haraka.

"Wasikilizaji wapendwa," alisema, "wataalamu wa ng'ambo wamegundua. Mwanamke akimpenda mwanaume, hucheka akichekeshwa naye. Asiyecheka, moyo wake uko pengine. Sayansi imesema, si mimi."

Nje, kwenye benchi lake, Fadhila muuza chai akaangua kicheko kilichovuka barabara. Cirimwami akamtazama, kisha akanitazama mimi.

— Umesikia?

— Nimesikia. Huyo mutu hanijui.

— Si yeye, Espe. Ni sayansi.

Nilitaka kumtania, lakini nilipouona uso wake nikaacha. Lazima nieleze jambo hapa, ili msimwone mjinga. Cirimwami aliokolewa na redio. Vita vilipoingia Bukavu, watu wakakimbia huku na huku, alipotezana na jamaa zake wote akiwa bado kijana. Alikaa kambini bila kujua nani yuko hai. Siku moja redio ilikuwa inasoma majina ya watu wanaotafutwa, akasikia jina lake, limetajwa na mzee Birindwa. Tangu siku ile hakuzima redio, na kazi aliyojifunza ilikuwa kuzitengeneza. Mtu wa namna hiyo, redio ikimwambia hapendwi, anaamini.

Wiki ile alinichekesha kwa nguvu zake zote. Alinipigia simu asubuhi kunisimulia habari za wateja. Alinitumia mesaji za vichekesho, na nilizisoma nimeketi kwenye cherehani, mabega yakinitikisika hata mshono ukapinda. Nilimjibu kila moja: "Nimecheka sana." Naye akajibu: "Utasema hivyo tu."

Siku ya Alhamisi nilifanya kosa. Nilienda Asiatique nikiwa nimeamua kumpa anachotaka. Aliponisimulia habari ya kondakta na kuku, nilifungua kinywa nikacheka kwa sauti. Nilisikia mwenyewe nilichokitoa. Kilikuwa kama kiti kinachoburutwa juu ya simenti.

Fundi wa redio anajua sauti mbovu. Akaanza kukunja waya mkononi.

— Sasa unanidanganya, akasema.

— Cirimwami, nilitaka tu ufurahi.

— Kumbe hata kucheka na mi ni kazi.

— Basi kama ni hivyo, uoe Fadhila. Yeye anacheka.

Nilisema kwa hasira, na maneno yalipotoka nikatamani kuyarudisha. Niliondoka bila kuagana. Jioni, kabla askari hawajafunga njia za usiku, simu yangu ilitetemeka juu ya meza.

"Nimemuambia Baba Mukubwa angoje kwanza. Sitaki kuoa mutu ambaye moyo wake uko pengine. Unisamehe Espe."

Nilisoma mesaji ile nimesimama, nikaenda kupiga magoti pembeni ya kitanda. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema: Bwana, wewe unasikia hata kile kisichotamkwa. Huyu hasikii. Mfungue masikio, au unifungue mimi kinywa, lakini usituache hivi. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, na katika ule ukimya nilihisi nimebebwa juu ya maji, sijui kwenda wapi, lakini siogopi.

Mama alinikuta hapo. Nilimpa simu asome. Alisoma polepole, kisha akaketi kitandani, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama sijui namna ninavyocheka.

— Nacheka kama watu wote, Mama.

— Apana, mutoto wangu. We unacheka kama baba yako alivyowafundisha.

Akanikumbusha. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimeyaweka mbali. Miaka ile ya kwanza ya vita, milio ilipokaribia mtaa wetu, tulilala chini ya kitanda, mimi na ndugu zangu. Baba alikuwa anatunong'oneza vichekesho tusilie. Sharti lilikuwa moja: anayetoa sauti ameshindwa. Kulikuwa na giza, kwa hiyo alituwekea kiganja mgongoni, mmoja mmoja, aone nani anacheka. Akihisi mgongo unatetemeka, alisema, "Huyu nimempata." Baba alikwenda safari ya Rumonge mwaka wa tisini na sita, hakurudi. Ndugu zangu walikua wakaacha mchezo ule. Mimi, kumbe, sikuacha. Miaka yote nilidhani sauti inatoka.

Nililia kidogo. Mama alitaka nimpigie Cirimwami palepale. Nilipiga, hakupokea. Na usiku ule nilipofikiri, niliona afadhali hakupokea. Angekuja kwa huruma, na mimi sikutaka kuolewa kwa huruma. Tena, siku yoyote tukigombana, angekumbuka sayansi.

Ijumaa Fadhila alipita Musaga kwa shangazi yake, akaingia kwetu na thermosi yake tupu. Yeye ni mwenyeji wa Buyenzi, mtu wa dini, mke wa fundi magari, na kicheko chake kinajulikana mpaka sokoni. Alikuwa na uchungu kwa niaba yangu. Alinieleza kwamba amemkabili Cirimwami asubuhi ile.

— Nimemuambia: we Cirimwami, mi nacheka na kila mutu. Nacheka na polisi, nacheka na mulevi. Mutu akicheka na mi anakunywa chai ya pili. Wallahi, kama kicheko ni mapenzi, bwana yangu angekuwa ameniacha zamani.

— Akasema nini?

— Akasema, "Mama Zubeda, we hawakukupima." Nikamuuliza: na Espe walimupima lini?

— Akajibu?

— Alishika redio akaifungua. Haikuwa hata imeharibika.

Swali la Fadhila halikuniacha. Walimpima nani? Mimi ni mshonaji. Huwezi kumpima mtu mmoja ukakata nguo za mtaa mzima, kila mtu analijua hilo bila kusoma popote. Nikaona kwamba si kwa Cirimwami ninapotakiwa kwenda. Kama redio ndiyo iliyosema, basi redio ndiyo iseme tena.

Jumamosi saa tisa nilikaa uani kwetu na simu. Namba ya kipindi ilikuwa inashikika kwa shida, nilipiga huku nikisali. Jua lilikuwa jeupe nyuma ya vumbi, kuku wamelala kivulini, na kila kitu kilikuwa mbali kama kinaonekana kupitia chandarua. Mara sauti ile laini ikawa ndani ya sikio langu.

— Allô, uko hewani. Niko na nani?

— Na Esperance, wa Musaga.

— Karibu, dada Esperance. Tumusalimie nani?

— Sisalimii mutu. Nataka kuuliza juu ya wale wanawake wasiocheka.

Alicheka, akasema habari ile imewafikia wengi. Nilimuuliza wanawake waliochekeshwa walikuwa wa wapi. Akasema wanafunzi wa chuo kimoja cha ng'ambo. Nikamuuliza nani aliwachekesha. Nilisikia karatasi ikifunuliwa, ikafunuliwa tena.

— Hapa wameandika kaseti. Kila mutu alikaa peke yake, wakamuwekea kaseti ya bwana mumoja anasema vichekesho.

— Huyo bwana wa kaseti, walikuwa wanamupenda?

— Apana. Hawakumujua.

— Sasa ile ya kusema asiyecheka, moyo wake uko pengine. Iko kwenye hiyo karatasi?

Karatasi ikafunuliwa tena. Nilidhani ataweka wimbo. Lakini aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu wa kawaida, amechoka.

— Dada, nitasema kweli juu mama yangu ananisikiliza. Hapa wanasema wanawake walicheka zaidi kuliko... yaani walizidi wanaume kidogo tu. Na wenyewe wanasema hawajui kama ni hivyo kwa watu wote. Gazeti njo liliongeza mapenzi. Ile ya moyo nimeiongeza mi.

— Juu ya nini?

— Watu wanazima redio, dada. Kila siku ni vita. Nilitaka hata siku moja wacheke.

Sikuweza kumkasirikia. Nilimwambia kuchekesha ni kazi njema, Mungu amzidishie. Kilichoniuma ni kule kusema ni sayansi, kwa sababu kuna mtu wangu alimsikia, akaamini.

— Amekuacha?

— Anangoja.

— Basi acha nikuchekeshe mi mwenyewe, tupime upya. Bwana mumoja alisikia kwenye redio kwamba wanawake wanapenda mwanaume wa kuchekesha. Akarudi nyumbani, akavaa kitenge cha bibi yake, akaingia jikoni anacheza, mikono juu. Bibi akamutazama. Akamuambia: "Kumbe ni we njo ulikuwa nacho. Nakitafuta tangu asubuhi. Vua, nifue."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Simu ilikuwa bado mdomoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kuku mmoja akasimama kunitazama.

— Allô? akasema Népomuscène. Allô, dada Esperance? Wasikilizaji, nadhani laini imekatika.

Akaweka wimbo.

Mambo yaliyotokea Asiatique saa ile sikuyaona. Nimeyasikia kwa Cirimwami, na kwa Fadhila, ambaye huyasimulia vizuri zaidi. Cirimwami alikuwa na redio mezani, imefunguliwa, spika iko nje. Alipolisikia jina langu alisimama. Barabarani lori lilikuwa linashusha simenti, wapakuzi wanapiga kelele, na sauti yangu ilikuwa inapotea. Basi alifanya kile anachofanya kila siku mtaa ukiwa na kelele asiweze kusikia kama spika ni nzima: aliweka vidole viwili juu ya ile karatasi nyeusi ya spika, kidogo tu, kuhisi kama inatetemeka. Hivyo ndivyo alivyonisikiliza, sikio moja na vidole viwili.

Népomuscène alipomaliza kichekesho chake, redio ikanyamaza. Wapita njia waliosimama wakasema laini imekatika. Fadhila naye alisema imekatika.

— Haijakatika, Cirimwami akasema.

Chini ya vidole vyake karatasi ile ilikuwa inapigapiga. Pumzi, pumzi, pumzi, kisha kupumzika, kisha tena. Fadhila anasema alikaa vile wimbo umeshaanza, hajatoa mkono, macho yake yamejaa maji. Halafu akaondoka bila kufunga mlango, na ni yeye Fadhila aliyeulinda.

Alifika Musaga jua lingali juu kidogo. Alibisha hodi akiwa amesimama nje kabisa, kama mgeni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

— Ulikuwa unacheka, akasema.

— Nilikuwa nacheka.

— Na siku zote zile?

— Siku zote.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Nilikuambia, Cirimwami. Nilisema nimecheka. We ulitaka redio njo iseme.

Aliketi juu ya ngazi, akafunika uso. Mama alitoka, akamletea maji, akamsimulia habari ya baba na ule mchezo wa chini ya kitanda, na kiganja. Aliisimulia bila kulia, anachambua maharage. Cirimwami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza Mama, kwa adabu sana, kama anaweza kuruhusiwa kuniwekea mkono mgongoni.

— Mugongoni tu, Mama akasema. Na mi niko hapa.

Akaniwekea kiganja kati ya mabega. Kilikuwa chepesi, kinaogopa. Akasema yule mzee wa Gihosha amerudi.

— Si nilimuwekea kituo cha Kirundi? Leo ameniletea tena. Anasema, "Fundi, sasa naisikia vizuri. Lakini mambo inayosema ni vita tu. Uirudishe kwa Kifaransa."

Mgongo wangu ukaanza kutetemeka wenyewe. Kiganja chake kilitulia, kikanishika sawasawa, na nilimsikia anavuta pumzi kama mtu aliyesomewa jina lake. Akasema kwa sauti ya chini:

— Huyu nimemupata.

Mama aliacha maharage. Alikuwa amemsimulia maneno yale dakika chache tu kabla, lakini aliyasikia kana kwamba yanatoka chini ya kitanda. Aliingia ndani, akakaa huko kitambo. Mimi nilifumba macho. Nilimshukuru Mungu bila kusogeza midomo, nikijua ananisikia.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa karakanani tena. Népomuscène aliomba radhi hewani, vizuri kabisa, akasoma karatasi yote mpaka ile sehemu ya mwisho ambapo wataalamu wenyewe wanasema hawana hakika. Nilifurahi. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake laini:

"Na sasa habari mpya, wasikilizaji. Imegunduliwa ya kuwa wanawake wa Musaga hucheka bila sauti."

— Wa Musaga wote? Fadhila akauliza kutoka benchi lake. Shangazi yangu wamemupima lini?

Cirimwami alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio. Hakuizima, sidhani kama atazima redio maishani mwake. Lakini aliipunguza, akanigeukia aone mimi nasemaje.

Mesaji ambayo Cirimwami alimtumia mzee Birindwa alinitumia nami niisome: "Baba Mukubwa, kuja. Kosa lilikuwa langu." Mzee alikuja mvua za kwanza zilipoosha vumbi, na milima ya Kongo ikasimama tena ng'ambo ya maji, bluu, karibu hata ukadhani unaweza kuigusa. Alisema ameiona milima hiyo njiani kote.

Tulifunga ndoa kanisani mwezi wa kumi, mchana, ili watu warudi makwao kabla ya njia kufungwa. Ukumbini mzee Birindwa alisimama kusema kwa niaba ya upande wao, na kumbe ni mtu wa kuchekesha kuliko wote. Watu waliangua vicheko, Fadhila alishika meza. Kwenye picha zote ninaonekana nimeinamisha kichwa, midomo imefungwa. Nilisikia shangazi mmoja wa Bukavu akimnong'oneza mwenzake kwamba bibi harusi ni mkali, hata kucheka hacheki, mtoto wetu ameingia wapi.

Cirimwami naye alimsikia. Hakugeuka. Alikuwa amekaa wima ndani ya suti yake, anamtazama baba yake mkubwa, na mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu, umetulia, unasikia kila kitu.